Funguo Mkononi mwa Noémia

Kila Agosti ilipofika, Mama Graça alikaanga vipande vya nyama vya kula njiani, Baba Délio akakagua matairi, na Noémia akamsaidia mdogo wake Dulce kufunga mizigo. Kisha waliondoka nyumbani kwao, kitongojini mwa Paris, kabla hakujapambazuka. Safari ilikuwa ya siku nzima: Ufaransa, Uhispania, mpaka milimani kaskazini mwa Ureno, kwenye nyumba ya Bibi Zulmira.

Délio alikuwa fundi wa kupiga lipu. Mwaka huu, siku moja kabla ya safari, alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi mpaka giza likaingia. Lakini kupumzika njiani aliona ni aibu. Mdogo wake, Adérito, alifanya kazi Uswisi, naye pia alikuja kila Agosti. Ndugu hao wawili walishindana nani atafika kwanza kwa mama yao. Aliyechelewa alizomewa likizo nzima, mkahawani na hata nje ya kanisa baada ya misa. Mwaka uliopita aliyechelewa alikuwa Délio.

"Mwaka huu hanipati," alisema akifunga mkanda.

"Niendeshe mimi mpaka Bordeaux," Mama akasema. "Leseni ninayo kama wewe."

"Leseni yako ni ya kwenda sokoni, Graça."

Mama akageuza uso dirishani. Noémia, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, hakuyapenda maneno yale.

Mchana walivuka mpaka wa Uhispania. Walipofika kwenye nyanda za ngano, joto lilikuwa kali na barabara imenyooka kama kamba. Mama alikuwa amelala. Dulce alikuwa amelala, mdomo wazi. Noémia alikaa nyuma katikati, akimtazama baba yake kwenye kioo cha ndani.

Alimwona anajikuna shingo. Baadaye akafungua dirisha. Baadaye akaongeza sauti ya redio, akaimba kidogo, akaacha. Akajipiga kofi shavuni. Halafu kope zake zikashuka polepole, kama za Dulce anapobembelezwa, wala hazikupanda tena.

Gari likaacha njia, matairi yakanguruma juu ya matuta madogo ya ukingoni. Mbele yao, pembeni mwa barabara, lori lilikuwa limesimama.

"Baba!"

Délio akashtuka, akakata usukani. Wakalipita lori karibu kiasi kwamba Noémia aliona kutu kwenye bamba lake la namba.

"Kuna nini?" Mama akaamka.

"Upepo," Baba akasema.

"Si upepo," Noémia akasema. "Ulilala."

"Nyamaza. Tangu lini mtoto akamfundisha baba yake barabara?"

Wakaendelea mpaka kituo cha mafuta. Baba alijaza tangi, akaingia ndani kulipa. Funguo aliziacha palepale chini ya usukani. Noémia alijipenyeza kati ya viti, akazichomoa, akashuka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa saruji karibu na pipa la taka.

Baba akatoka, akapapasa chini ya usukani, akageuka.

"Lete funguo."

"Sileti, Baba."

"Noémia, sina muda wa mchezo."

"Na mimi sichezi. Lala kwanza, au mpe Mama aendeshe."

Simu ya Baba ikalia. Sauti ya Adérito ilisikika mpaka pale Noémia alipoketi: "Kobe wewe, umefika wapi? Mimi Burgos nimeiacha nyuma kitambo. Nikuwekee supu au nimalize?"

Baba akaikata simu, uso umemwiva. "Umesikia? Yuko mbele. Lete hizo funguo, nisije nikakuchapa mbele za watu."

"Nichape. Ukimaliza bado nitakuwa nazo."

"Mwaka ujao nitakuacha Paris."

"Niache. Nitakuwa hai."

Watu waliokuwa wakijaza mafuta waligeuka kutazama. Baba alinyoosha mkono, Noémia akazikumbatia funguo kifuani. Baba akawatazama watu wale. Akaushusha mkono.

Mama alishuka garini. "Délio, mimi nilikuwa usingizini. Ningekufa bila hata kujua nimekufa kwa nini." Akafungua kiganja mbele ya binti yake. Noémia akamkabidhi funguo.

"Kijijini watasema nini, wakiona nimeletwa na mke wangu?" Baba aliuliza, sauti imeshuka.

"Watasema tumefika."

Aliingia nyuma amenuna. Kabla hawajatoka kituoni alikuwa anakoroma.

Jua lilikuwa linagusa vilele walipofika kwa Bibi Zulmira. Gari la Adérito lilikuwa tayari uani. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi na glasi ya divai.

"Ehee, kobe kaletwa na mkewe," alisema. "Karibuni, mabaki ya supu yapo."

Baba aliinamisha kichwa. Noémia hakuinamisha.

"Ndiyo, baba mdogo, sisi ndio wa mwisho. Baba alisinzia, Mama akaendesha. Cheka basi."

Adérito akacheka, lakini alicheka peke yake. Mkewe, Celeste, alikuwa amembeba mtoto wao mchanga, akilitazama gari la mumewe ubavuni. Bibi Zulmira alitoka jikoni akijifuta mikono, akayafuata macho ya mkwewe. Rangi ilikuwa imechunwa kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya.

"Adérito, nini hiki?"

"Kona ya darajani, Mama. Nyembamba ile."

"Unaipita tangu utoto wako. Ulikuwa macho?"

Adérito akainua glasi yake anywe.

"Hakuwa macho, Mama," Celeste akasema.

Bibi aliwaita wanawe wote wawili wasimame mbele yake. "Kila Agosti mnanipigia simu: nani wa kwanza, nani wa kwanza. Mimi sihesabu magari. Nasimama dirishani nahesabu vichwa, na siketi mpaka vitimie. Usingizi haujali kama wewe ni mwanamume au fundi hodari. Ukikujia, simama ulale, au mpe usukani aliye macho. Na anayekwambia umechoka usimkaripie, hata awe mwanao. Yeye anakuona. Wewe hujioni."

"Tukirudi, Graça ndiye anayeanza kuendesha," Délio akasema taratibu. Adérito akaimwaga divai yake majanini. "Na mimi mashindano basi."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, ulikataa kumtii baba yako?"

"Nilikataa, Bibi."

"Mtii siku zote. Siku akisinzia kwenye usukani, kataa tena."