Dawa ya Valvu

Kila siku akitoka shule, Eufrazia alivua sare, akala kilichopo, kisha akakimbilia karakana ya baba yake pale Mpanda mjini. Alikuwa darasa la sita, na mwaka ule wa 1976 hakuna mtoto mtaani kwao aliyezijua spana kama yeye. Baba huyo, Fundi Anselmo, hakumpa ufagio. Alimpa kazi yenyewe.

Jumamosi moja Bwana Afya Kasimiri alileta pikipiki yake kuukuu. Lo, ilikuwa imechoka! Hata kimlima kidogo ilipanda kwa kusukumwa. Kesho yake, watu wakitoka kanisani, akina mama wa kijiji cha Kasekese wangemngojea awachanje watoto surua. Barafu ya kutunzia chanjo isingengoja siku ya pili. Pikipiki ikishindwa, watoto wangerudi nyumbani bila chanjo.

Baba akafungua kichwa cha injini, akachungulia. "Valvu hazifungi sawasawa, pumzi inavuja. Chukua dawa uzisage, mpaka uone pete ya kijivu pande zote."

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye kikopo, nyeusi na nzito kama grisi. Eufrazia alipaka kidogo ukingoni mwa kila valvu, akaikalisha mahali pake, akapekecha kijiti cha kusagia kwa viganja mpaka jasho likamtoka. Pete zikatokea, safi kabisa.

"Hapo sawa, fundi wangu!" baba alifurahi. "Sasa osha kila kitu kwa petroli. Usibakize hata chembe."

Usibakize? Eufrazia alishangaa. Dawa gani hii ya kuoshwa? Mtu akipakwa dawa ya kidonda hakimbilii mtoni kuiosha! Akaona baba amepitiwa tu. Basi akafuta juu juu kwa kitambaa, tena kwa wema wake mwenyewe akaongeza dawa ndani ya vitundu yanamopita mashina ya valvu, ili injini ipone vizuri. Kisha akazitumbukiza valvu.

"Umeosha?" baba aliuliza, akija na springi.

"Ndiyo, baba."

Wakati baba anafunga injini, Eufrazia alichukua kikopo akakimbia nyumbani, jikoni. Dawa ya kuponya chuma itashindwa na masizi? Akaanza kusugua sufuria ya mama yake.

"We Eufrazia!" mama yake, Romana, alipiga ukelele. "Sufuria yangu mpya umeifanya nini?"

Sufuria ilikuwa na mikwaruzo kama imeparuliwa na paka.

"Nimeipaka dawa ya baba, mama."

"Dawa gani inayokula chuma hivi?"

Eufrazia aliangusha kikopo. Inakula chuma! Na nyingine iko ndani ya injini! Injini ikiwaka, itatafunwa yote, na Bwana Afya atakwama porini na barafu yake. Aliogopa aibu, tena mbele ya mgeni, lakini miguu ilikwisha kumtoa mbio.

Baba alikuwa ameinua mguu apige kiki, Bwana Afya amesimama kando.

"Baba, usiwashe! Sikuosha! Nilikudanganya!"

Eufrazia akaeleza yote huku machozi yakimtoka, mpaka habari ya sufuria. Fundi Anselmo alishusha mguu taratibu, akamtazama kwa hasira, lakini Bwana Afya akaangua kicheko.

"Usilie, binti. Wagonjwa wangu nao huniambia wamemeza vidonge, kumbe wametupa uvunguni!"

Hata baba alicheka, apende asipende. Injini ikafunguliwa upya. Safari hii Eufrazia aliosha kila kitundu mara tatu, akapitisha kitambaa cheupe, na baba akakikagua kitambaa hicho mwenyewe. Jua halijazama, pikipiki ikanguruma kwa kiki moja tu. Asubuhi Bwana Afya alishika njia ya Kasekese, akipunga mkono.

Baba alimweka Eufrazia karibu naye.

"Ile ni unga wa kukwangulia chuma, umechanganywa na grisi. Sisi mafundi tunaiita dawa, na kosa la kutokueleza ni langu. Lakini kuuliza si ujinga, mwanangu. Ungeuliza tu. Na kutokujua hakungetuletea hasara. Kilichotaka kutuangamiza ni ile 'ndiyo, baba.' Mimi siwezi kuona ndani ya injini iliyofungwa. Naona kwa mdomo wako."

"Nimeelewa, baba," alisema Eufrazia, na safari hii lilikuwa neno la kweli.