Walisema Faili ya Kasyoka Haiko

Kwetu Tseikuru mbuzi huhesabiwa jioni, kabla lango la boma kufungwa. Anayehesabu ni mama mkwe wangu, Kanini. Macho yake yamefifia, lakini mbuzi anawajua kwa kikohozi.

Jioni moja mmoja alikosa.

"Mwaitu, hayuko," mume wangu Musyimi alimwambia mama yake. "Nimetafuta."

"Umetafuta wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali ni wapi? Kwa benchi ya duka la Mbaluka, pale mnachezea bao?"

Tulicheka. Musyimi hakucheka. Alichukua fimbo akarudi bondeni. Alimkuta mbuzi amenaswa pembe kwenye miiba.

Hilo swali nimelisikia tangu niolewe. Hata mwiko ukipotea, naulizwa nimetafuta wapi. Lakini siku niliyohitaji kuliuliza mimi, nilinyamaza. Mama mwenzangu, soma haya, usinyamaze kama mimi.

Mtoto wetu Kasyoka alizaliwa mwezi wa kumi na moja. Alipofika miezi mitatu, alikuwa bado hafuati uso wangu. Nikimchekea, yeye anatazama paa. Katikati ya macho yake kulikuwa na weupe, kama tone la maziwa.

Madaktari wa macho walikuja Nuu, tukampeleka. Daktari alimmulika na tochi ndogo.

"Huu ni mtoto wa jicho," alisema.

"Si huo ni wa wazee?" niliuliza.

"Hata mtoto huzaliwa nao. Msikawie, mama. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona akiwa mdogo. Asipoona mapema, ubongo unaacha kujifunza."

Tulitumwa kliniki moja ya macho huko Mwingi. Jina lake silitaji, maana sikuja kuwaaibisha. Walimpima Kasyoka macho na moyo. Karatasi zote zilipigwa picha na mashine, zikaingia kwa kompyuta. Nikapewa kadi yenye nambari.

"Rudini mwezi wa tano," waliniambia. "Daktari wa upasuaji huja kila baada ya miezi mitatu. Atasoma faili, ampasue."

Mwezi wa tano nilirudi. Kwenye meza ya mbele alikuwa Mulinge, kijana mwenye adabu. Alinipa kiti kwanza. Aliandika nambari, akangoja kidogo.

"Mama, hakuna."

"Hakuna nini?"

"Faili ya mtoto. Kompyuta inasema hakuna."

"Na hii kadi si mlinipa nyinyi?"

"Kadi naiona, mama. Labda siku hiyo faili haikuhifadhiwa. Pole sana. Bila vipimo daktari hawezi kumpasua. Na mashine ya kupima imepelekwa Nairobi kutengenezwa. Njoo mwezi wa nane."

Nilitaka kusema kitu. Lakini mimi niliacha shule darasa la saba. Nitabishana na kompyuta mimi nani? Nilifunga mtoto mgongoni nikarudi nyumbani.

"Wamesema nini?" Musyimi aliuliza.

"Faili haiko."

"Nani amesema?"

"Kompyuta."

"Basi haiko," alisema, akatazama chini.

Hata mama mkwe hakuliuliza swali lake.

Miezi mitatu ni mirefu. Macho ya Kasyoka yalianza kucheza. Yalikwenda huku na huku, kama yanatafuta kitu. Nilikuwa nashika shavu lake namwambia, "Niko hapa." Yeye anageukia sauti, si mimi.

Mwezi wa nane Kanini alisema, "Leo tunaenda wote. Hata mimi niangaliwe haya macho."

Mulinge aliandika nambari tena. Akatikisa kichwa.

"Bado hakuna, mama. Lakini mashine imerudi. Leo mtoto atapimwa upya. Majibu yatatoka daktari akiwa ameshaondoka, kwa hivyo upasuaji utakuwa mwezi wa kumi na moja."

Nilihesabu kwa vidole. Mwezi wa kumi na moja Kasyoka angekuwa na mwaka mzima gizani.

Kanini alisogea hadi mezani. Aliinamia Mulinge kama anayetaka kumnusa.

"Kijana. Umetafuta wapi?"

"Susu," alimwita, kama tunavyomwita bibi, "kompyuta imetafuta kila mahali."

"Kila mahali ni wapi?"

Watu kwenye foleni walicheka. Mmoja alisema, "Huyu nyanya atafukuzwa!"

Chini ya meza kulikuwa na mwanamke akirekebisha nyaya za printa. Alitoka huko na vumbi kwenye mtandio. Ni Zulekha, fundi wa kompyuta hapo Mwingi.

"Msicheke," alisema. "Nyanya ameuliza swali la fundi. Mulinge, nionyeshe umetafuta wapi."

Mulinge alionyesha kisanduku cha kutafutia, chini kwenye kioo cha kompyuta. "Naandika hapa."

"Na faili za wagonjwa ziko wapi?"

"Ziko kwa kompyuta kubwa, kule stoo. Zilihamishwa mwezi wa tatu, hii ilikuwa imejaa."

"Wewe unazifikia vipi?"

"Kwa hii diski ya Z. Inapitia mtandao. Sisi wote tunaitumia."

"Sasa sikiza," Zulekha alisema. "Ukiandika hapo chini, kompyuta haizunguki ikitafuta. Inasoma orodha. Hiyo orodha iliiandika yenyewe mapema, ya vitu vilivyo ndani yake. Vitu vya Z viko stoo. Haijaviandika. Ikikuambia hakuna, maana yake ni hakuna kwa orodha yake."

"Lakini zingine huwa inazipata!"

"Ni zile zilizobaki humu ndani. Ndiyo maana uliiamini. Ingekosa zote, ungeniita zamani."

Kanini aligonga meza na kidole. "Kwa hivyo imehesabu mbuzi wa boma lake, halafu inasema wa jirani hawakuzaliwa."

"Hivyo hivyo, nyanya."

Zulekha alitazama kwanza kama Z ina alama nyekundu ya msalaba. "Ukiona hiyo alama, waya umetoka au kompyuta ya stoo imezimwa. Hapo hata usitafute, rekebisha kwanza." Alama haikuwako. Akafungua Z yenyewe. Akaandika nambari ya Kasyoka humo ndani, juu upande wa kulia.

Mstari wa kijani ulianza kutambaa polepole.

"Hii niliwahi kujaribu," Mulinge alisema. "Nikaona imekwama, nikafunga. Foleni ilikuwa ndefu."

"Haikukwama. Haina orodha, kwa hivyo inapitia folda moja moja. Usifunge. Ngoja mstari ufike mwisho."

Tulingoja. Watu wa foleni walisogea kutazama. Kasyoka alikuwa anavuta kitambaa changu cha kichwa.

Faili ilitokea.

Ilikuwa ya mwezi wa pili. Vipimo vyote vilikuwa humo. Juu ya karatasi ya kwanza daktari aliandika kwa kalamu nyekundu. Mulinge alisoma: "Haraka. Apasuliwe mwezi wa tano."

Hakuna aliyecheka tena.

Kasyoka alipasuliwa wiki hiyo. Bandeji zilipotolewa, alinitazama. Alishika pua yangu. Nililia mpaka nesi akanichukulia mtoto. Lakini baada ya wiki kadhaa daktari wa kliniki alifunika jicho la kulia, na Kasyoka akakaa tu, kama taa imezimwa.

"Jicho la kushoto lenyewe ni zima," daktari alisema. "Ni ubongo umelisahau. Tutajaribu miwani, na kulifunika lile lingine saa chache kila siku. Lakini siwaahidi kitu. Mngekuja mwezi wa tano, mama."

"Tulikuja," nikamwambia.

Alivua miwani yake.

Siku ile faili ilipopatikana, Zulekha hakurudi kwa printa. Aliingia stoo. Aliiambia kompyuta kubwa iandike orodha yake yenyewe ya folda ya wagonjwa. Sasa kompyuta za mbele zikiifungua Z na kuuliza, ile kubwa inajibu kutoka kwa orodha. Ilichukua siku mbili kuandika yote. Halafu hakuamini tu. Alichukua kadi kumi za wagonjwa, akajaribu moja moja mpaka zote zikapatikana.

Mulinge aliacha kusema hakuna. Husema, "Sijaiona bado." Akikosa kwa Z, anaangalia alama nyekundu. Akikosa tena, anafungua daftari la karatasi. Mgonjwa haambiwi arudi nyumbani kabla ya hayo yote.

Mulinge alikuwa ameandika majina ya wote waliorudishwa. Walikuwa kumi na tisa. Faili zao zote zilikuwa stoo. Aliwapigia simu mmoja mmoja. Kumi na saba wamekuja. Wawili simu zao hazishiki mpaka leo.

Mimi sasa kadi ya kliniki naipiga picha na simu. Karatasi za vipimo naomba nakala, naziweka kwa mfuko wa plastiki juu ya kabati. Na nikiambiwa hakuna, nauliza. Naogopa bado, lakini nauliza.

Kasyoka ana miaka mitatu. Miwani yake tumeifunga na lastiki nyuma ya kichwa. Anakimbia, anaimba, anapiga kuku mawe. Lakini mlango humgonga upande wa kushoto, na mimi nimezoea kutembea upande huo.

Jana jioni bibi yake alimtuma alete mwanambuzi mweupe. Alirudi mikono mitupu.

"Susu, hakuna."

"Umetafuta wapi?"

Kasyoka alisimama akifikiri. Halafu aligeuza kichwa chote kushoto, mpaka kidevu kikagusa bega. Mwanambuzi alikuwa amesimama hapo hapo kando yake.