Mbili Kati ya Kumi

Walianza kwa ugomvi, kwenye foleni ya dirisha la dawa. Fundi cherehani, ndani ya gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, alimvuta koti jeupe mwanamume aliyejipenyeza mbele yake.

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

"Samahani dada, mimi wa maabara."

"Na mimi wa cherehani. Rudi nyuma!"

Akarudi, lakini alishaviona vidole vya fundi vilivyovimba. Baridi yabisi, mwaka wa sita. Mtafiti huyo alikuwa akijaribu jeli inayodungwa kwenye kiungo, ikae humo na kuachia dawa kidogo kidogo kila uvimbe unapopanda. Fundi akakubali kuacha dawa zake na kudungwa. Baada ya mwezi wakapendana, kwa siri, maana mtafiti haruhusiwi kupenda mgonjwa wa jaribio lake.

Kila wiki muuguzi alimuuliza fundi: "Maumivu ni ngapi kati ya kumi?"

"Mbili."

Mbili, kila wiki! Vidole viliwaka moto, lakini nani amwambie mpenzi wake kwamba kazi yake ya miaka minane haijafua dafu?

Picha ya eksirei ya mkono ndiyo iliyosema kweli. Mtafiti aliingia nayo dukani kwa fundi, akamkuta ameshika mkasi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Mfupa umeanza kulika! Tungekurudisha kwenye dawa zako mapema. Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilitaka ufurahi, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Umeniharibia kazi, umejiharibia mkono."

"Na wewe? Usiku na mchana uko nami, uliwahi kuvitazama vidole hivi? Ulikuwa unasoma karatasi tu! Na wakubwa wako umewaficha mapenzi yetu. Mwongo mimi peke yangu? Toka!"

Akatoka, akaubamiza mlango. Wiki mbili kila mmoja alinuna kwake. Kisha simu ya fundi ikalia.

"Bwana Jeli, unataka nini?"

"Namba ya kweli."

"Tisa."

"Kesho asubuhi uwe kliniki, unaanza dawa upya. Wakubwa nimewaambia yote. Wamenitoa kwenye jaribio, na wewe umetolewa."

"Kwa hiyo umepiga kunifukuza?"

"Nimepiga kukuoa, kichwa kigumu wewe! Sasa hakuna wa kunikataza."

"Hiyo ni posa au matusi?"

"Vyote viwili."

Fundi alicheka huku analia. Akautazama mkasi mezani.

"Nakubali. Ila gauni la harusi atashona mwingine," alisema. "Mimi siwezi tena."