Sifuri ya Kishindo

"Kikate, nimesema!"

"Mjomba, yule mama alisema kisifunguliwe."

"Yule mama ndiye fundi hapa? Lete kisu!"

Miwani alikuwa amekificha kisu nyuma ya mgongo. Mjomba wake alinyoosha mkono akipapasa hewani, maana kiza kilikuwa kinaanza kuingia na macho yake yalikuwa ya kubahatisha. Miaka mingi ya kuchomelea vyuma bila kinga ilikuwa imeyala. Ndiyo maana, mama yake Miwani alipofariki, mjomba alimtoa shule na kumleta gereji. Hakumleta kwa huruma. Alihitaji mtu wa kumsomea namba. Jina lake halisi alikwisha kulisahau. Alimwita Miwani, na wateja wakafuata.

Katikati ya gereji ilisimama pikipiki nyekundu. Kwenye mshikio wa mafuta, ule wa mkono wa kulia, palikuwa pamefungwa kitambaa cheusi chenye mafundo mengi madogo madogo.

Miwani aliijua pikipiki ile. Ilikuwa ya Kishindo.

Miezi miwili nyuma, Kishindo alikuja nayo akiwa na kisanduku kipya cha kuongeza nguvu, kile kinachokaa kati ya sensa na nozeli na kuiamulia injini mafuta. Kisanduku hicho kikifungwa, lazima kifundishwe. Unawasha swichi bila kuwasha injini. Unaachia mshikio kabisa, unabonyeza kwenye kompyuta, namba ikionekana kwenye kioo chake: hapa ndipo sifuri. Unauvuta mpaka mwisho, unabonyeza tena: hapa ndipo mia. Basi. Kuanzia hapo kinajua mkono wa dereva unaomba nini. Ukikidanganya sifuri, kitadanganyika siku zote. Dereva atavuta kwa pupa, nacho kitatoa mafuta haba, na injini itakata pumzi.

Siku ile Kishindo alisema mbele ya watu, "Fundi gani haoni? Huyu angebaki na baiskeli za watoto." Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Kisha akamnong'oneza Miwani, "Nikikuuliza ngapi, sema sifuri. Hata ukiona nini. Acha ikohoe kidogo mbele ya mashabiki wake."

Mjomba akaushika mshikio, akauvuta kidogo tu, unene wa kucha.

Kioo kikaandika nne.

"Ngapi?"

"Sifuri," Miwani akasema. Akabonyeza.

Siku ya tatu, Kishindo alifika njia panda, pale chini ya gereji. Lori lilikuwa linakuja. Akavuta mafuta alipite. Pikipiki ikakohoa katikati ya barabara.

Na leo mchana, mama yake Kishindo ameileta akiisukuma mwenyewe. Alisema imetengenezwa kwingine, imebaki kupimwa tu. Lakini Miwani ana macho. Lori lilipita juu ya pikipiki hii, nayo haikuwa na mkwaruzo. Hata ile stika iliyochanika kwenye tangi ilikuwa ile ile, imechanika pale pale.

"Mwanangu alikata roho na neno moja mdomoni," yule mama alisema. "Sifuri. Sifuri. Nyie mafundi, sifuri ni nini?"

"Pole, mama," mjomba alijibu. "Mtu akikata roho huweweseka."

Mama alimtazama mjomba. Akamtazama Miwani, kwa muda mrefu zaidi. Miwani hakufungua kinywa, hata kwa salamu.

"Kitambaa kisifunguliwe," mama akasema. "Nitarudi jua likizama."

Sasa jua lilikuwa limezama, na mjomba alikuwa amemkamata Miwani sikio. Alilisokota mpaka kisu kikaanguka sakafuni.

Akakata.

Kitambaa kilidondoka. Hakikuwa na kitu ndani. Ila harufu... Petroli. Lami iliyonyeshewa ikiwa moto. Na chini yake, harufu kama ya chuma ulichokiweka ulimini.

"Umesikia hiyo harufu, Mjomba?"

"Nasikia harufu ya uvivu. Tukimaliza hapa utaijaribu wewe, mpaka njia panda na kurudi. Nataka uanze kuogopa watu, uachane na vitambaa."

Miwani akachomeka waya wa kompyuta kwenye kisanduku.

"Achia mshikio, Mjomba."

"Nimeachia."

Kweli alikuwa ameachia. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni.

Kioo kikaandika nne.

Kisha tisa.

Kisha ishirini... sitini na moja... mia. Waya wa mafuta ukalia ndani ya ganda lake, krrr, kama mtu anayevuta akisubiri njia ifunguke. Namba ikashuka taratibu.

Ikatulia kwenye nne.

Pikipiki ikalalia upande, kidogo tu, jinsi inavyolalia mtu anapoipanda.

"Ngapi?" sauti ikauliza.

Haikuwa ya mjomba. Ilitoka nyuma ya sikio la Miwani, nayo ilikuwa baridi.

"Ngapi, wewe? Umelala?" Hiyo sasa ilikuwa ya mjomba.

"Nne," Miwani akasema. "Inasoma nne, Mjomba. Kuna mtu ameushika."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza. Kisha mjomba akaupapasa mshikio.

"Mwongo! Nimeugusa mwenyewe, umefunga kabisa. Unatafuta visa usiiendeshe." Mjomba alikuwa anahema. "Haya, nitaijaribu mimi. Na nikirudi nisikukute. Beba vitambaa vyako uende ulikotoka."

"Nitakwenda wapi, Mjomba? Sina mtu mwingine."

"Kaburi la mama yako si unalijua? Kalale hapo. Miwani ikivunjika mtu hununua nyingine."

Shavu la Miwani lilikuwa linawaka moto. Aliwaza godoro lake nyuma ya mapipa ya oili, na daftari lake la kidato cha pili chini ya godoro. Akaliwaza kaburi.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," mjomba akasema. "Ngapi?"

Namba ilikuwa palepale. Nyekundu. Haitikisiki.

Nne.

Miwani akapangusa machozi. Akakaa vizuri.

"Sifuri, Mjomba."

"Si ndiyo hiyo! Kumbe ulikuwa unataka kofi. Bonyeza."

Kidole chake kilipogusa kitufe, kidole kingine kikaja juu yake. Baridi. Kizito. Kikamsukuma polepole, kama mtu anayemshika mtoto mkono amfundishe kuandika.

Akabonyeza.

Mjomba alivuta mpaka mwisho, wakaweka mia, akachomoa waya. Injini ikawaka mara moja. Aliisikiliza akitabasamu, maana masikio yake hayakuwa na kasoro. Akatoka akiuvuta mlango wa bati nyuma yake. Alikuwa anaijua ile njia kuliko kiganja chake, hakuhitaji macho.

Miwani alibaki anasikiliza.

Gia ya kwanza. Ya pili. Mteremko. Breki ya njia panda.

Mvumo wa lori kwa mbali.

Angeweza kupiga kelele. Mlango ulikuwa hatua tano tu. Alizihesabu, moja mpaka tano, akiwa amekaa.

Mafuta yakavutwa kwa nguvu.

Kisha kikohozi. Kimoja tu.

Honi ikalia, ndefu, na ikakatwa na mshindo uliotikisa spana ukutani.

Halafu kimya.

Waya ulikuwa unaning'inia mezani, haujachomekwa popote. Lakini kioo kilikuwa bado kinawaka, nayo ile namba ilikuwa inashuka. Tatu. Mbili. Moja.

Sifuri.

Pumzi baridi ikaondoka shingoni mwake. Miwani alitazama sakafuni kukitafuta kile kitambaa. Hakikuwepo.

Mlango wa bati ukagongwa, taratibu, kama anavyogonga jirani mwenye adabu.

"Nani?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa yule mama. Macho yake yalikuwa makavu, na mkononi alikuwa anakifunga kile kitambaa upya, fundo moja baada ya jingine. Huko chini watu walikuwa wameanza kupiga mayowe, naye hakugeuka.

"Aliyeushika mshikio nilimjua zamani, binti yangu," akasema. "Nilisimama nyuma ya mlango huu tangu kiza kiingie, ili nisikie tu ni sauti ya nani iliyomwambia mwanangu sifuri."