Fundi wa Deraya

Siku ya soko mjini Wote, watu wakisukumana na punda wakilia, msichana mrefu mwenye ovaroli ya kijani na hereni nyekundu alimgonga Mwau bega. Hindi la kuchoma likamponyoka.

"Aiya! Pole, bosi. Nitakununulia lingine."

"Wacha hindi. Nipe namba," akasema Mwau, fundi wa sofa ambaye tangu mamake afariki alikuwa akipika na kula peke yake.

Msichana huyo, Kanini, alicheka, akampa. Alikuwa mtu wa Migwani, makanika wa jeshi.

"Unatengeneza nini huko?" Mwau alimuuliza kwa simu.

"Magari."

"Gari gani?"

"Ya kazi, dia. Usiulize sana."

Simu zilikuwa tamu, kisha zikaanza kuadimika. Mchana kutwa hapatikani. Jioni anajibu akipiga miayo. Mwau alishona viti vya watu huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Mwishowe akalipuka.

"Sema ukweli, Kanini. Kuna mwanaume?"

"Wako wengi, na wote wananuka grisi."

"Mimi si mtu wa kuchekwa. Kaa na hao!"

Akakata. Hakupigiwa tena. Vumbi la Agosti likaingia dukani, naye hata redio hakufungua.

Jumamosi moja Kanini akasimama mlangoni, gauni la buluu, vidole vina makovu ya kuchomelea.

"Uliona taarifa jana?"

"Niliona kwa simu magari ya deraya, yale yasiyopenyeka kwa risasi. Ya jeshi."

"Basi hao ndio wanaume wangu. Yalikuwa yamezeeka, Mwau, yanazimika njiani na askari wamo ndani. Tumeyawekea injini mpya, tukaongeza chuma sakafuni kwa sababu ya mabomu ya kutegwa, tukabadilisha mzinga. Simu tulikuwa tunaacha getini. Sikuruhusiwa kusema, hata kwako."

Aibu ilimpanda Mwau hadi masikioni. "Nisamehe, mpenzi. Tuoane."

"Jumatatu yanaenda mpakani, na mimi naenda nayo. Yakiharibika huko, nani atayashika?"

"Utarudi lini?"

"Hawajasema." Akamgusa shavu. "Lakini kuoana nimekubali."

Jumapili baada ya magari kuondoka, pasta aliuliza nani ana mtu safarini wa kuombewa. Mwau, peke yake kwenye benchi la nyuma, akasimama.

"Tumwombee nani, ndugu?"

"Mke wangu," akasema. Kanisa zima likageuka kumtazama, maana hakuna aliyejua kama ana mke.