Anayetafuna Nyimbo za Vira

Kwanza Noelin alidhani ni yeye mwenyewe. Akavua hedifoni, akafumba mdomo, akasikiliza. Kimya. Akazivaa tena, na nyuma ya mlio wa ukulele, gitaa dogo la marehemu mumewe, mtu akaendelea kutafuna. Mlaji asiye na adabu, mdomo wazi, mate yakichuruzika, kama babu asiye na meno aliyepewa gegedu.

Ilikuwa mchana kweupe, katika mji wa visiwani wa Luganville, kwenye kibanda chake cha nyuma ya soko ambako watu huja kuingiziwa nyimbo kwenye simu. Mumewe, Vira Garae, alikuwa mwimbaji wa bendi ya nyuzi, ya magitaa na ukulele, na alipokufa aliacha fujo ya kutia kinyaa: kompyuta yenye mafuta ya samaki kwenye vitufe, flashi zilizokatika vichwa, memori kadi ndani ya kopo la maziwa. Nyimbo zenyewe aliziita "Sauti 14", "Mpya", "Mpya kweli", "Hii ndiyo". Wimbo mmoja umejirudia mara nne, na mara zote mbwa anabweka katikati.

Matanga hayakuwa yamekwisha, na uwanjani kwa mfiwa hakupigwi muziki mpaka karamu ya kuyamaliza. Ndiyo maana Noelin alifanya kazi kwa hedifoni. Siku ya karamu nyimbo za Vira zingepigwa mbele ya ndugu wote watakaovuka kutoka kisiwa cha Ambae, na mjane alikuwa ameapa zitasikika safi, kwa mpangilio. Nakala nyingine haikuwepo popote. Zikipotea hizo, Vira angekuwa amekufa mara ya pili.

Kwa hiyo aliupachikia kila wimbo taarifa zake: mwimbaji, mwaka, kisiwa. Nafasi ya mtunzi Vira alikuwa ameiacha tupu kila mahali. Uvivu wa wanaume, Noelin akajisemea. Akazichagua nyimbo zote kwa mpigo, akaandika Vira Garae, akaenda kuchemsha chai moyo umemtulia. Aliporudi ndipo alipokuta kuna mtu anakula.

"Wifi, hebu sikiliza hapa. Usicheke," alimwambia Madlen, dada yake Vira.

Madlen hakuwa mtu wa kuambiwa asicheke. "Kama ni kaka anaimbia puani, mimi nilishamwambia zamani." Akavaa hedifoni. Kicheko kikamkauka. "Nani huyo anakula?"

"Sijui."

"Na hii harufu, wifi?"

Ilikuwa harufu ya shelisheli lililofukiwa shimoni likasahaulika. Watu wa huku hulila likichacha, lakini hili lilikuwa limepita kuchacha, limefika mahali pa funza. Madlen akazing'oa hedifoni sikioni, na ute mweupe, wa vuguvugu, ukavutika kama mlenda kutoka kwenye sifongo mpaka kwenye sikio lake, na ndani yake kulikuwa na unywele. Akakimbilia mlangoni, akatapika.

Tangu hapo mambo yakazidi kuharibika, kwa maana kila Noelin alipofungua wimbo aliukuta mfupi kuliko jana, ubeti umeliwa, mahali Vira alipokuwa akimtaja mama yake sasa pana mlio wa kumeza, halafu pumzi ya mtu aliyeshiba, na alipojaribu kuziokoa zilizobaki kwa kuzihamishia kwenye flashi mpya flashi ikatoka inanata na kunuka, na ndani yake kutafuna kule kule, kwa raha zaidi, kama mtu aliyeandaliwa sahani ya pili.

Madlen akamleta Mama Rovu, muuza magimbi sokoni, ambaye huwaotea wenye shida ndoto za kuwapa majibu. Mganga huyo hakukubali kuketi. Alisimama kizingitini, kitambaa puani.

"Mumeo nyimbo alikuwa anazitoa wapi?"

"Kichwani mwake."

"Binti, usinidanganye. Kabla ya kurekodi alikuwa analala wapi?"

Madlen ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Mtoni, Mama. Kwenye lile jiwe la mizimu. Anamwaga kava, kile kinywaji cha mizizi, anajifunika majani, akiamka ana wimbo."

"Basi alipewa na jini la mtoni. Na aliyepewa hajiiti mtunzi, ndiyo maana marehemu aliacha pengo. Wewe umeliziba kwa jina lake. Mtu akupe nguruwe, uende kutangaza umemzaa?"

Madlen alitaka kucheka, akakumbuka pua yake, akaiziba.

"Futa jina kwenye nyimbo zote," alisema Mama Rovu. "Kava nitalipelekea mwenyewe. Ila ukibakiza hata moja, jini halitahangaika tena na wimbo. Litatafuta mdomo."

Noelin akafuta. Jina likitoka, kutafuna kunakatika, na maneno yaliyomezwa yanarudi mahali pake, pamoja na jina la mama mkwe na yule mbwa. Alilia kwa furaha. Kisha akafika kwenye wimbo wa harusi yao.

Huo Vira alimwimbia mbele ya kanisa zima. "Huu sikupewa na mtu," alimwambia siku ile. "Huu nimeutoa kifuani." Na ndani yake kulikuwa na kutafuna kukubwa kuliko kwa nyimbo zote.

Noelin alijisikia kuchafuka mwili mzima. Maneno aliyoolewa nayo yalitoka kwenye mdomo ule unaotafuna, na mume akamletea makombo, na yeye akayapokea kwa machozi. Hakuweza kukubali. Alimpenda Vira, na huu ulikuwa wa Vira. Jina akaliacha.

"Umefuta zote?" Mama Rovu aliuliza.

"Zote."

Siku ya karamu spika zilifunguliwa, na Vira akaimba uwanja mzima, safi, kwa mpangilio. Watu walilia vizuri. Ulipofika wimbo wa harusi Noelin alishika kiti kwa mikono miwili. Hakuna kutafuna. Sauti ya mumewe peke yake, kama siku ile kanisani. Akakiachia kiti. Akawaza kwamba mganga naye ni mtu, hukosea.

Wakapakua laplap, magimbi yaliyopondwa na kuokwa ndani ya majani, ya moto, yanang'aa kwa tui la nazi. Wote wakasema ni tamu. Noelin ndiye pekee aliyesikia harufu ya shelisheli, akageuka kumtafuta aliyeileta, na kila alipogeuka ilikuwa karibu vile vile, chini kidogo ya pua yake.

Madlen akamsogelea. "Wifi, unatafuna nini muda wote huo? Sahani yako hujaigusa."

"Sijatia kitu mdomoni," alisema Noelin, na taya zake hazikusimama hata alipokuwa akisema.