Bando la Mzee Emlyn

Kila asubuhi, kabla meli haijaamka vizuri, Bibi Nesta na mjukuu wake Heledd walipanda ghorofa ya juu kwenda kunywa chai. Bibi aliipenda chai ya huko kwa sababu ilikuwa bure. Ghorofa mbili chini yake kulikuwa na mkahawa wenye viti vya ngozi, na huko chai ilikuwa na bei.

"Maji yaleyale, majani yaleyale," alisema Bibi, amekunja uso kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. "Ila kule wamekuwekea kiti laini, basi unalipia na kukaa."

Akimaliza chai, alifunga mikate miwili ya siagi ndani ya kitambaa cha meza na kuitia mkobani kwa ajili ya saa nne. Heledd, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliogopa wahudumu wasije wakawaona. Bibi hakuogopa. Alimwambia kwamba hapo hakuna wizi, walikuwa wanajirudishia chao tu.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Bibi Nesta alikuwa amepika katika jiko la shule moja ya kwetu Llanelli, mji mdogo wa Wales, mpaka nywele zikawa nyeupe, na siku alipostaafu wenzake walichanga wakampa wiki moja ya kuzunguka bahari ya Mediterania, yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza. Kwenye kadi waliandika kwamba kila kitu kimeshalipiwa, na waliandika kwa moyo mweupe kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Kumbe maji ya chupa yalikuwa ya kulipia. Juisi ilikuwa ya kulipia. Picha mliyopigwa bila kuomba, mkipanda ngazi na jasho usoni, ilibandikwa ukutani ikiwa na bei yake. Na kila siku ada ya huduma iliongezwa kimyakimya kwenye kadi ya chumba. Kufikia katikati ya wiki, Bibi alipoona tu neno "ada" alihisi kichefuchefu.

Ada iliyomsumbua Heledd ilikuwa nyingine, ya ndege ya kuwarudisha nyumbani. Shirika la ndege hiyo liliuza tiketi rahisi sana, kisha likatoza kila kilichoizunguka tiketi: begi, kiti cha kukaa karibu na mwenzako, hata kuhudumiwa na mtu kaunta. Abiria alitakiwa kujiandikisha mwenyewe kwa simu, na asiyefanya hivyo alitozwa uwanjani. Aliyelipia kiti aliweza kujiandikisha wiki kadhaa kabla, akiwa nyumbani kwake ameinua miguu. Asiyelipia alifunguliwa siku moja tu kabla ya ndege. Na siku hiyo moja ndiyo hii, ya mwisho, wakati meli ilipokuwa katikati ya bahari ikielekea Barcelona. Ndege ilikuwa ya asubuhi. Kabla hawajashuka melini, muda wa kujiandikisha ungekuwa umekwisha.

Meli iliuza intaneti, bando la siku nzima kwa simu moja. Mama yake Heledd alikuwa amesisitiza walinunue. Bibi alikuwa na maoni yake.

"Bibi, tusipojiandikisha leo, kesho watatutoza pale kaunta. Wewe na mimi, kila mtu na yake."

"Kunitoza kwa lipi? Kwa msichana kuitazama pasipoti yangu?"

"Ndiyo."

"Na nikitaka kukwepa hilo, niwalipe hawa wa meli?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini hawa ni nafuu."

"Mwizi wa nafuu," alisema Bibi. "Siwapi. Nitasimama pale kaunta niwaambie wanitazame usoni wanitoze mama mzima. Wataona aibu."

Heledd alijua hawataona aibu. Alijua pia kilichobaki kwenye pochi ya Bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kuihesabu jana yake: nauli ya basi la kutoka uwanja wa ndege wa Bristol mpaka nyumbani, na chenji kidogo juu yake. Fedha hizo zikichukuliwa kaunta, wangefika Bristol wasijue watatokaje.

Walikuwa bado mezani alipokuja Mzee Emlyn. Yeye alitoka Gorseinon, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na wiki nzima walikuwa wamepangiwa meza moja ya chakula cha jioni. Alikuwa mtu wa kumvutia Bibi kiti kabla hajakaa, na wa kumsogezea Heledd kitindamlo chake akisingizia tumbo limejaa. Asubuhi hiyo alishika simu mkononi kama mtu aliyeokota ndege mdogo asijue amweke wapi.

"Heledd, mama, nisaidie. Nimenunua hili bando lao, sasa herufi zenyewe ni ndogo kama sisimizi."

"Emlyn," alisema Bibi, "hata wewe umekubali kukamuliwa?"

"Leo tu, Nesta. Leo nina jambo langu mchana."

Hakusema ni jambo gani, nao hawakumuuliza. Heledd akaingiza namba ya chumba, na simu ilipotaka neno la siri, mzee alimwambia achague lolote rahisi. Heledd akaweka jina la mbwa wa mzee huyo, aliyekuwa akimsifu kila jioni. Mzee akamshukuru, akampa peremende ya mnanaa kutoka mfukoni.

Baada ya chakula cha mchana Bibi alijilaza chumbani. Heledd alitoka na simu yake na pasipoti zote mbili, akakaa kwenye ngazi karibu na chumba cha kusomea vitabu. Alikuwa ameliwaza jambo lile asubuhi nzima, na kila alivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kuonekana dogo. Mzee atakuwa amelala kama Bibi. Ni dakika chache tu. Tena bando limeshalipiwa, na wenye meli ni wezi, Bibi mwenyewe amesema.

Akaandika namba ya chumba cha Mzee Emlyn na jina la mbwa. Maneno yakatokea kwenye kioo: bando hili linatumika sasa kwenye simu nyingine, ukiendelea simu hiyo itakatwa. Heledd aliyasoma vizuri. Akabonyeza "endelea".

Ukurasa wa shirika la ndege ulifunguka taratibu. Kwanza ukamuuliza kama angependa kulipia kiti. Ukamuuliza kama angependa kulipia begi. Ukamuuliza tena habari ya kiti, kwa rangi nyekundu, kama vile alikosea kukataa mara ya kwanza. Heledd alikataa kote, na pasi yake ya kupandia ndege ikatokea. Akaanza ya Bibi. Aliandika jina, akaandika namba ya pasipoti, akabonyeza, na duara dogo likaanza kuzunguka.

Hapo ndipo alipoinua macho.

Ndani ya chumba cha kusomea, nyuma ya kioo, alikuwa Mzee Emlyn. Meli nzima ilikuwa imevaa kaptura na kandambili, lakini yeye alivaa koti jeusi na tai nyeusi, nywele kazilaza kwa maji. Aliisogeza simu karibu na uso, kisha akaiinua kuelekea dirishani. Halafu alimwendea msichana mhudumu aliyekuwa akikusanya vikombe. Mlango ulikuwa wazi, na Heledd alisikia kila neno.

"Dada, ilikuwa inaongea sasa hivi, imenyamaza. Ni mazishi ya rafiki yangu. Yanaendelea sasa."

Mhudumu aliweka sinia chini akaichukua simu. Akasema kuna simu nyingine iliyoingia kwenye bando lake. Akamuuliza kama kuna mtu amempa.

"Hapana," alisema mzee. "Nitakuwa nimebonyeza vibaya mwenyewe. Vidole vyangu hivi, dada, vilizoea koleo."

Heledd alitazama simu yake. Duara bado lilizunguka. Pasi ya Bibi ingeweza kutokea wakati wowote, na bila pasi hiyo nauli ya basi ingekwenda. Akabonyeza "toka". Ukurasa ukafutika, na jina la Bibi likapotea nalo.

Aliingia mle ndani akaomba simu ya mzee. Aliingiza neno la siri, na baada ya muda mfupi picha ikarudi: ukumbi, jeneza lenye maua, na wanaume waliovaa makoti mekundu wamesimama safu mbili. Ilikuwa kwaya yao. Mzee Emlyn na rafiki yake marehemu, Hefin, walikuwa wameimba sauti ya besi bega kwa bega tangu ujana wao, na katika safu ya nyuma nafasi mbili zilikuwa wazi.

Ulikuwa wimbo wa mwisho. Mzee alisimama wima, simu kaiegemeza kwenye vitabu, akaimba sehemu yake kwa sauti ya chini. Msichana mhudumu angeweza kuendelea na vikombe vyake. Badala yake alisimama mlangoni kimya, mikono nyuma, akawa anawazuia waliotaka kuingia na vinywaji vyao mpaka wimbo ukaisha.

Jeneza lilipofunikwa kwa pazia na ibada kwisha, Heledd alisema, "Ni mimi, mzee. Mimi ndiye niliyeingia. Nilitaka kutuandikisha ndege."

Mzee Emlyn alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya tai.

"Mwana wa Hefin ndiye aliyekuwa anazungumza," alisema. "Anasimulia habari za baba yake. Nimekosa karibu yote." Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniomba? Ningekupa hata kabla ya chakula."

"Bibi anasema wanatuibia."

"Wao ndiyo. Na mimi je?"

Mzee hakumgombeza. Alimwambia aende akamweleze bibi yake mwenyewe, maana halingekuwa jambo jema Bibi alisikie kwa mtu mwingine.

Bibi Nesta alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Bibi alivaa kile kiatu cha pili, akachukua pochi, akasema, "Twende."

Walipanga foleni kaunta ya meli. Bibi aliomba bando la siku. Msichana wa kaunta akamuuliza kwa tabasamu kama asingependa lile la kasi zaidi, kwa nyongeza kidogo tu. Bibi alimtazama mpaka tabasamu likaisha lenyewe. Alilipa kwa ile chenji ya juu ya nauli, kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo, na hapohapo, wakiwa wamesimama, Heledd akamwandikisha. Pasi ikatokea. Yeye alipewa kiti cha mbele kabisa na Bibi akapewa kiti cha nyuma kabisa.

"Wametutenganisha makusudi," alisema Bibi. "Washenzi. Haya, sasa twende kwa Emlyn."

Walimkuta palepale, tai kailegeza. Bibi alimwomba radhi kwanza yeye mwenyewe, kisha akamsogeza Heledd mbele naye akaomba ya kwake. Ndipo Heledd alipouliza kama yale mazungumzo ya mwana wa marehemu hayawezi kutazamwa tena. Mzee alicheka kidogo, cheko kavu. Alisema yanawezekana, ila wenye ukumbi wa mazishi wanataka malipo ya kuyarudia.

"Hata maiti wamemwekea bei," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira.

Heledd alikuwa na pauni chache alizopewa na mama yake anunue kitu cha kumbukumbu. Akazitoa zote. Mzee Emlyn akamrudishia, akasema hakuna haja, yamekwisha.

"Pokea, Emlyn," alisema Bibi. "Hii si ada. Mtoto amekukosesha kitu, anakurudishia."

Basi mzee akapokea. Walikaa watatu kuizunguka simu ile ndogo, wakamsikiliza kijana wa Hefin akisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiimba bafuni mpaka majirani wakagonga ukuta, na jinsi rafiki yake Emlyn alivyokuwa akimjibu kutoka nyumba ya pili. Mzee alicheka huku akilia. Bibi alimpa kitambaa chake, akamshika mkono mpaka mwisho.

Jioni, wakipanga mabegi, Bibi alimwita Heledd akae karibu naye.

"Wiki nzima nimekuwa nikikwambia kwamba kwa watu hawa, anayepata cha bure ni mjanja. Nilikosea kukufundisha hivyo, na mikate ile sitaifunga tena. Hawa watu wananitia kinyaa, na kesho bado watanitia kinyaa. Lakini niambie, leo mwenye meli amepungukiwa nini?"

"Hakuna, Bibi."

"Na shirika la ndege?"

"Hakuna."

"Aliyepungukiwa ni mzee aliyekupa peremende. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukitaka kuchukua kitu kisicho chako, usijiulize kama mwenye duka ni mbaya. Uliza ni nani hasa atakikosa. Na ukiona bei ni ya dhuluma, kataa kununua, lalamika mbele ya watu, waandikie barua hata kumi. Mimi nitaanza yangu tukifika nyumbani. Ila nataka niiandike kwa mkono ambao haujachukua cha mtu."